Mathias Kiwanuka: mlinzi aliyebadilishiwa nafasi

Mathias Kiwanuka, mchezaji mstaafu wa futboli ya Kimarekani, alizaliwa Indianapolis mwaka 1983, katika familia yenye asili ya Uganda, jirani zetu ng'ambo ya Kasindi. Babu yake, Benedicto, alikuwa waziri mkuu wa kwanza wa Uganda. Mwaka 1972, akiwa jaji mkuu, askari wa Idi Amin walimkamata mahakamani, na hakurudi tena.

Mjukuu alichezea New York Giants, 2006 hadi 2014. Aliingia kama mlinzi wa mstari wa mbele. Mwaka 2007 wakamweka mstari wa pili. Akajifunza upya, kisha akavunjika mguu. Wenzake wakatwaa ubingwa yeye akiwa nje. Mwaka 2012 wakautwaa tena, naye akiwa uwanjani.

Vijana, kubadilishiwa nafasi si kushushwa.