KIUNGULIA, SEHEMU YA 3: KIPIMO CHA ASIDI KILITOKA WAPI?

Mama zangu, tuendelee. Kiungulia peke yake hakimwambii daktari asidi inapanda kiasi gani. Mwaka 1974 huko Marekani, Lawrence Johnson na Tom DeMeester walichapisha kipimo cha saa 24: mpira mwembamba unapita puani hadi njia ya chakula, unapima mtu akila na akilala. pH ikishuka chini ya 4, asidi imepanda. Waliwapima hata wasioumwa, nao ikawapanda kidogo! Kumbe shida ni ikizidi.

Ndiyo maana kichanga anayecheua huku ananyonya vizuri na uzito unaongezeka, kwa kawaida hahitaji mpira huo. Ila akitapika kijani au damu, au uzito haupandi, muwahishe hospitali.