Neno la Herufi Nane

"Mmea wa ajabu katika hadithi za kale, herufi 8." Maneno hayo niliyakuta ubaoni siku moja nilipokuwa mwanafunzi katika chuo cha ualimu. Mkufunzi wetu alikuwa na desturi ya kutuandikia fumbo la maneno kila Ijumaa, nasi tukinakili miraba yake madaftarini na kushindana kuijaza. Mara nikamkumbuka Jack, yule kijana wa hadithi ya Kiingereza aliyetoa ng'ombe wa mama yake kwa mbegu za maharagwe, kisha akaukwea mmea uliochipuka kwa usiku mmoja hadi nyumbani kwa zimwi. Nikaandika kwa wino: MHARAGWE. Herufi zilitimia 8 barabara.

Furaha yangu haikudumu. Neno la kushuka, lililoanzia katika mraba wa tatu wa jibu langu, liliulizwa hivi: "Nchi iliyo kando ya bahari, herufi 5." Hilo bila shaka ni PWANI. Basi mraba ule ulitaka P, nami nilikuwa nimekwisha kutia A. Jibu la haki lilikuwa RAPUNZEL.

Huenda msomaji akauliza: Je, Rapunzel si yule msichana mwenye nywele ndefu aliyefungiwa mnarani? Ndiye. Lakini kabla ya kuwa jina la msichana, rapunzel ni jina la Kijerumani la mboga ya majani. Hadithi yasema kwamba mama mja mzito aliiona katika bustani ya mchawi, akaitamani hata akakonda. Mumewe aliruka ukuta akamwibia, na aliporudi mara ya pili alikamatwa. Malipo ya mboga yakawa mtoto mwenyewe, naye mchawi akampa jina la mmea ule.

Jina hilo nalo lina safari yake. Giambattista Basile wa Napoli, Italia, aliyefariki mwaka 1632, aliacha hadithi zilizochapishwa baada ya kufa kwake, kati ya mwaka 1634 na 1636. Katika hadithi yake msichana aitwa Petrosinella, jina litokanalo na jani jingine, la kukolezea chakula; na hapo mwizi ni mama mwenyewe, si mumewe. Mwaka 1698 bibi mmoja wa Ufaransa, Charlotte-Rose de La Force, aliandika habari hizo kwa jina la Persinette, litokanalo na jani lile lile. Friedrich Schulz alipoisimulia kwa Kijerumani mwaka 1790, alibadili mmea, na jina likawa Rapunzel. Ndugu wawili wa ukoo wa Grimm waliitia katika kitabu chao cha mwaka 1812, ikaenea ulimwenguni. Kwa muda usiotimia miaka 200, mmea ulibadilika, jina likabadilika, na hata mwizi akabadilika.

Hadithi ya Jack nayo haikusimama mahali pamoja. Ilichapishwa Uingereza mwaka 1734 kwa namna ya mzaha. Mwaka 1807 Benjamin Tabart aliitoa upya kwa ajili ya watoto. Hapo palikuwa na jambo la kumtia mashaka mtu mwadilifu: Jack aingia nyumba ya mwingine, achukua kuku wa mayai ya dhahabu na vitu vinginevyo, na mwishowe amwua mwenye mali kwa kuukata mmea. Je, huyu si mwizi? Katika kitabu cha Tabart yumo mwanamke wa ajabu amwambiaye Jack kwamba zimwi lilimwua baba yake na kumnyang'anya mali. Hivyo wizi ukageuka kuwa kudai haki. Lakini Joseph Jacobs, mzaliwa wa Australia, alipochapisha hadithi hiyo mwaka 1890, aliisimulia kama alivyosimuliwa utotoni huko kwao, na mwanamke yule hayumo. Jack wa Jacobs hana udhuru wowote.

Tazameni basi: swali la haki na dhuluma lililowashughulisha waandishi hawa limefichwa lote ndani ya miraba 8.

Mchezo wenyewe wa miraba si wa zamani sana. Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool aliyehamia Marekani, alitunga wa kwanza wa namna hii katika gazeti la New York World la Jumapili, tarehe 21 Desemba 1913. Fumbo lake lilikuwa na umbo la almasi. Mwaka 1924 kampuni ya Simon na Schuster ilitoa kitabu cha kwanza cha mafumbo hayo, na tarehe 1 Februari 1930 gazeti la The Times la London, lililosifika kwa taratibu zake za kale, nalo likaanza kuyachapisha. Sisi tulikuwa na vitendawili kabla ya hapo. Asemaye "Nyumba yangu haina mlango" hutaja machache, naye ajibuye "yai" hutambua mengi.

Hata hivyo iko tofauti moja. Katika kitendawili, mtegaji ndiye husema kama umepata au umekosa. Katika fumbo la miraba, neno la kulala huhukumiwa na maneno ya kushuka. MHARAGWE ilikuwa na hoja nzuri: ni mmea, ni wa ajabu, ni wa hadithi, na herufi zake ni 8. Ilikosa jambo moja tu, nalo ni kukubaliwa na jirani yake.

Hivyo ndivyo ilivyo kazi ya mwanahistoria. Aliyesoma kitabu cha Tabart peke yake ataapa kwamba hadithi ya Jack ni ya mwana aliyelipiza damu ya baba yake. Aliyesoma cha Jacobs peke yake atashangaa kusikia hayo. Kila mmoja ana hoja iliyotimia herufi zake, lakini ni yule aliyeviweka vitabu vyote viwili pamoja, na miaka yake, awezaye kuona neno gani liliongezwa, na lini.

Siku ile mkufunzi alilitazama daftari langu, akaona wino nilioukwaruza mpaka karatasi ikatoboka. Hakunikemea. Aliniuliza tu, "Mbona hukuanza na pwani?" Tangu hapo mafumbo huyajaza kwa kalamu ya risasi, na wanafunzi wangu wa historia nao nawaagiza waje na kifutio.