Mlango Usiomjua Adui

Msomaji, nyumba yako ina mlango, na mwili wako unao vilevile. Mlango wa mwili ni ukuta wa utumbo: hupitisha chakula kwenda katika damu, na huzuia vijidudu vingi. Lakini mlango huo hauwajui maadui wote.

Mwaka 1960, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa kula karanga zilizoota kuvu. Ndipo ikagunduliwa sumu iitwayo aflatoksini. Mwaka 1981 ilifika kwetu: katika wilaya ya Machakos, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake wakati ule, wagonjwa 20 walilazwa, na 12 wakafa. Lilikuwa onyo.

Mwaka 2004 msiba ukarudi kwa nguvu, hasa Makueni na Kitui. Ukame ulikuwa umedhoofisha mahindi, na mavuno yalikuwa haba. Wengi, kwa kuwahofu wezi, waliyaweka mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba badala ya ghalani, na kuvu likastawi katika joto. Watu waliumwa tumbo, wakatapika, macho yakawa ya manjano. Kufikia tarehe 20 Julai, wagonjwa 317 walikuwa wamehesabiwa, na 125 kati yao walikuwa wamekufa.

Sumu hii haivunji mlango ili iingie. Hupenya kimya kimya pamoja na chakula, ikachukuliwa na damu mpaka kwenye ini. Ini, katika jitihada ya kuiangamiza, huigeuza kuwa kali zaidi. Moto wa jikoni hauiondoi. Uchunguzi wa maabara umeonyesha kwamba yaweza pia kuudhoofisha ukuta wenyewe wa utumbo. Na siku hizi wataalamu wanachunguza kama udhaifu wa ukuta huo unachangia hata shinikizo la damu.

Utauliza, mbona watu hawakuyatupa mahindi yale? Ni rahisi kumwambia hivyo mwenye ghala lililojaa. Mama aliyebakiwa na debe moja, na watoto wakilia njaa, atatupa nini, apike nini? Kwa hiyo Serikali ilipoyaondoa mahindi mabovu ilipasa itoe na mengine mazuri.

Basi, kwa kuwa utumbo hauwezi kumtambua adui huyu, yatupasa sisi tumzuie mapema: mahindi yakauke barabara kabla ya kuwekwa, na ghala lipitishe hewa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa utumbo, msomaji, haujengwi kwa matofali.