Treni za mfano: Fahamu vipimo, umeme wake na kinachopandisha bei ya kichwa kidogo

Ukiweka kichwa cha treni cha mfano kwenye kiganja, kwa haraka utasema ni mchezo wa mtoto. Kigeuze uone chini yake. Kuna mota, gia, magurudumu ya chuma na siku hizi hata chipu inayotoa sauti ya honi na muungurumo wa injini. Kila kipimo, kuanzia urefu hadi ngazi ya dereva, kimepunguzwa kutoka kwenye kichwa halisi kilichowahi kutembea relini.

Ndiyo maana wapo watu wazima, wengine wenye majina makubwa, wanaotumia zaidi ya miaka 20 kujenga reli ndani ya nyumba. Wapo pia wanaokusanya vichwa tu na kuvipanga kabatini wakiamini ni akiba ya uzeeni. Hawa wa pili wengi huumia, kwa sababu bei ya vitu hivi haiendi kama watu wanavyodhani.

Haya ndiyo mambo ya msingi ya kuyajua.

Ilianza na vyombo vya wanasesere

Kampuni ya Märklin ilianza mwaka 1859 katika mji wa Göppingen, Ujerumani. Haikuanza na treni bali na vyombo vya jikoni vya bati kwa ajili ya nyumba za wanasesere. Mwaka 1891, kwenye maonyesho ya biashara ya Leipzig, ilionyesha treni ya kutia ufunguo ikizunguka kwenye reli yenye umbo la namba 8. Ilileta pia upana wa reli uliopangwa kwa namba. Mzazi aliweza kununua seti ndogo mwaka huu, mwakani akaongeza behewa au kipande cha reli, na vyote vikaingiliana.

Nchini Marekani, Joshua Lionel Cowen alianzisha kampuni ya Lionel jijini New York mwaka 1900. Gari lake la kwanza la umeme lilikusudiwa kuwa pambo la kuvuta wateja kwenye dirisha la duka. Wateja walivutwa kweli, ila walichotaka kununua ni lile gari lenyewe.

Uingereza kulikuwa na Frank Hornby wa Liverpool, aliyekwishajulikana kwa vyuma vya kuunganisha vya Meccano. Treni zake zilianza kuuzwa mwaka 1920. Mwaka 1938 zikaja Hornby Dublo, ndogo za kutosha kutandaza reli juu ya meza.

Vipimo: ni hesabu ya kugawanya tu

Kipimo kinachotumika zaidi duniani kinaitwa HO, yaani 1:87. Maana yake kila kitu kimegawanywa kwa 87. Mtu mwenye urefu wa sentimita 174 anakuwa sentimita 2.

Chukua reli ya SGR ya Kenya au Tanzania. Upana wake ni milimita 1,435. Gawanya kwa 87 utapata milimita 16.5, na huo ndio upana wa reli ya HO.

Vipimo vingine vinavyojulikana ni hivi:

- G: hutumika sana bustanini. Reli ina upana wa milimita 45.
- O: kati ya 1:43 na 1:48 kutegemea nchi. Ni kikubwa na kinahitaji chumba.
- OO: 1:76, maarufu Uingereza.
- N: 1:160, reli ya milimita 9. Kinafaa nyumba ndogo.
- Z: 1:220, reli ya milimita 6.5. Kililetwa na Märklin mwaka 1972, na mji mzima unaweza kuingia kwenye sanduku la safari.

OO ina kasoro ya kuzaliwa nayo. Treni za Uingereza ni ndogo kuliko za bara la Ulaya, na mota za zamani hazikuingia ndani ya kichwa cha 1:87. Watengenezaji wakakuza kichwa hadi 1:76 lakini wakaacha reli ileile ya milimita 16.5. Ukipiga hesabu, reli ilipaswa kuwa karibu milimita 19. Mpaka leo wapo wajenzi wanaong'oa magurudumu na kutengeneza reli yao wenyewe ili kurekebisha milimita hizo mbili na nusu.

Kwa upande wa G, hesabu inaigusa Afrika Mashariki. Kampuni ya LGB ya Ujerumani iliyoleta kipimo hiki mwaka 1968 iliiga treni za reli ya mita moja kwa uwiano wa 1:22.5. Mita moja ni upana wa reli ya zamani ya Mombasa hadi Kampala na ya Dar es Salaam hadi Kigoma. Kwa hiyo anayetaka kuiga njia hizo bustanini anaikuta reli tayari dukani. Anayetaka kuziiga kwa 1:87 atatumia reli ya milimita 12.

Umeme unapitaje?

Mfumo wa kawaida hutumia umeme wa takriban volti 12. Umeme huingia kwa reli moja, hupita kwenye magurudumu hadi kwenye mota, kisha hutokea reli ya pili. Ukizungusha kitufe, volti hupanda na treni huongeza mwendo. Ukibadili upande wa umeme, treni hurudi nyuma.

Tatizo ni kwamba vichwa viwili vikiwa kwenye reli moja, vyote vinaondoka pamoja. Suluhisho lilienea kuanzia miaka ya 1990 kwa mfumo wa kidijitali unaoitwa DCC. Kila kichwa hupewa chipu yenye namba yake. Amri hupita kwenye reli hizohizo, lakini hutiiwa na kichwa kilichotajwa tu. Kimoja kinasimama stesheni, kingine kinapanda mlima, na siku hizi unaweza kuviendesha kwa programu ya simu.

Tahadhari kwa wanaoletewa zawadi na ndugu wa Marekani: vibadili umeme vya kule vimetengenezwa kwa volti 120. Ukichomeka moja kwa moja kwenye soketi ya volti 230 au 240, kifaa kinaungua papo hapo. Soma maandishi ya nyuma kwanza.

Jinsi mradi unavyojengwa

Wazoefu hawaanzi na mji mkubwa. Huanza na ubao wa mita 1 kwa 2, unaotosha duara refu la reli kwa kipimo cha HO. Hatua huwa nne:

1. Ubao na fremu. Ukipinda, kila kitu juu yake kinapinda.
2. Reli. Kona kali mno huangusha mabehewa marefu.
3. Nyaya. Umeme uletwe kwenye reli sehemu kadhaa, maana ukiingilia mahali pamoja tu, treni inachoka ikifika mbali.
4. Mandhari. Milima ya foamu na plasta, majani ya unga wa mbao uliotiwa rangi, nyumba za kadibodi au plastiki.

Treni ikianza kusitasita, usikimbilie kulaumu mota. Mara nyingi ni vumbi na uchafu kwenye reli. Futa kwa kitambaa na spiriti. Usitumie msasa, kwa sababu mikwaruzo yake inashika uchafu zaidi.

Mifano mikubwa ipo. Miniatur Wunderland ya Hamburg, Ujerumani, ilifunguliwa mwaka 2001 na ndugu mapacha Frederik na Gerrit Braun, na ina treni zaidi ya 1,000. Mwanamuziki Rod Stewart naye alionyesha mwaka 2019 mji wake wa treni unaoiga Marekani ya miaka ya 1940, kazi iliyomchukua miaka 23. Akiwa kwenye ziara za muziki, alikuwa akiomba chumba cha ziada hotelini ili ajenge majengo yake usiku.

Kinachopandisha bei na kinachoishusha

Kwanza, uzee peke yake si bei. Kichwa cha miaka 60 kilichotengenezwa kwa wingi bado ni kichwa cha kawaida. Kinachotafutwa ni kile kilichotoka kwa uchache, kikabaki na rangi yake ya kiwandani, vipande vyake vyote na boksi lake. Boksi tupu la kadi, ambalo mtoto alilitupa siku ya kwanza, laweza kuwa adimu kuliko treni yenyewe.

Pili, usipake rangi upya. Fundi anaweza kukirudisha kiking'aa, lakini kwa mkusanyaji kimeshapoteza uhalisia.

Tatu, kuwa makini na matoleo maalumu yenye cheti. Kila aliyenunua alikihifadhi kwenye boksi akisubiri kipande bei. Matokeo yake vyote vipo, vizima, na siku ya kuuza wauzaji ni wengi kuliko wanunuzi.

Nne, kuna ugonjwa wa zinki. Baadhi ya vichwa vya zamani, hasa vya kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, viliundwa kwa mchanganyiko wa zinki ulioingiwa na risasi kiwandani. Miaka ikipita, chuma hicho huvimba, hupasuka na mwishowe humeguka kama biskuti. Hakuna dawa. Kagua chini ya kichwa kabla ya kutoa hela.

Vile adimu kweli vinauzwa bei kubwa kiasi cha kuwavuta wezi. Januari 2005, wezi walivunja makumbusho ya Märklin huko Göppingen na kuondoka na vitu vilivyokadiriwa kuzidi euro milioni 1. Baadaye vilipatikana. Lakini jina kubwa si kinga ya hasara: mwaka 2009 Märklin yenyewe ilifilisika, kisha ikafufuliwa.

Saa za kazi hazina risiti

Mei 2019, chama cha treni za mfano cha Market Deeping, Uingereza, kilikuwa kimepanga kazi zake ndani ya shule moja mjini Stamford, tayari kwa maonyesho ya kesho yake. Usiku vijana wanne wakaingia na kuvikanyagakanyaga. Miaka ya kazi ya wanachama ikawa takataka sakafuni.

Chama kiliomba mchango wa pauni 500. Zilipatikana zaidi ya 100,000, zikiwemo 10,000 kutoka kwa Rod Stewart. Waliochangia wengi hawakuwa na treni hata moja. Walichokiona ni wazee waliopoteza kitu kisichouzwa dukani. Kichwa kipya unanunua, lakini stesheni uliyoijenga kipande kwa kipande kwa miaka huwezi kuiagiza.

Kichwa kikifa, mfano hubaki

Kuna sababu nyingine inayofanya kazi hii isiwe mchezo tu. Mwaka 1955 na 1956, Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilipokea vichwa 34 vya mvuke vya daraja la 59, aina ya Garratt, kutoka kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester. Vilikuwa na uzito unaozidi tani 250, magurudumu 28 na urefu unaozidi mita 31. Havikuwahi kupitwa na kichwa kingine cha mvuke cha reli ya mita moja kwa nguvu. Bila yeye, mizigo ya Mombasa ingepanda Nairobi kwa shida.

Kila kimoja kilipewa jina la mlima. Leo kati ya hivyo 34 vimebaki viwili, vyote kwenye Makumbusho ya Reli ya Nairobi: namba 5918, Mount Gelai, na namba 5930, Mount Shengena. Milima yote miwili iko Tanzania.

Vingine vilikatwa vyuma chakavu. Anayetaka kukiona kichwa cha namna hiyo kikivuta mabehewa tena, njia iliyo karibu zaidi ni kukijenga. Kwa 1:87 kitakuwa na sentimita kama 36, kuzidi kidogo rula ya shule. Kinachohitajika kwanza ni picha za pande zote, futi kamba, ruhusa ya makumbusho na subira.

Kabla hujanunua au kurithi

- Chagua kipimo kimoja na ubaki nacho. HO na N haviingiliani.
- Anza na seti kamili: kichwa, mabehewa, reli na kidhibiti.
- Kichwa kipya chenye sauti na chipu hufika mamia ya dola. Cha mtumba omba uone kikitembea.
- Usinunue kama akiba ya uzeeni. Nunua unachokipenda, faida ikija iwe bahati.
- Andika orodha: jina, namba, mwaka, bei uliyonunulia na picha ya kila kichwa.

Hilo la mwisho ndilo hupuuzwa zaidi. Mwenyewe akifariki, familia hukuta maboksi wasiyoyajua, na mtu wa kwanza kugonga mlango huondoka nayo yote kwa bei ya kutupa, cha kawaida na cha adimu pamoja. Wahenga walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Picha za simu na maelezo ya mistari miwili kwa kila kichwa vinatosha kuizuia hasara hiyo.