Kuwa wa Pili na Bado Uliwe: Somo la Red Rum kwa Kila Mtu Anayebeti

Wasee, leo tuongee kuhusu farasi anaitwa Red Rum. Alikimbia Grand National mara tano. Hizo ni zile mbio kubwa za kuruka vizuizi pale Aintree, karibu na mji wa Liverpool, Uingereza. 1973 akashinda. 1974 akashinda tena. 1975 akawa wa pili. 1976 wa pili tena. Halafu 1977, akiwa na miaka 12, akashinda mara ya tatu. Hakuna farasi mwingine amewahi shinda hizo mbio mara tatu.

Hiyo ni historia ya magazeti. Mimi nataka historia ya mfuko, na hapo 1975 na 1976 ndizo zinanivutia zaidi. Farasi yuleyule, mbio zilezile, nafasi ileile ya pili. Lakini mtu aliyeweka beti ya each-way 1975 aliliwa, na aliyeweka 1976 alienda nyumbani na faida. Kwa nini? Ukielewa jibu la hilo swali, umeelewa karibu kila kitu kuhusu beti ambayo inauzwa kama “salama”.

Kwanza, each-way ni nini? Ni beti mbili kwenye karatasi moja. Ya kwanza inasema farasi wako atashinda. Ya pili inasema ataingia kwenye nafasi za kwanza, mbili, tatu ama nne, kulingana na idadi ya waliokimbia. Hii ya pili hulipwa sehemu tu ya odds, kawaida robo ama moja ya tano. Mimi nitaiita beti ya pande mbili, ndio usisahau kwamba unalipia pande zote mbili. Ukisema “shilingi 100 each-way”, umetoa 200. Sio 100. Watu wengi hukwama hapo kabla hata farasi watoke.

Sasa turudi Aintree. Tutumie kanuni iliyozoeleka kwenye mbio za handikapu, yaani zile ambazo farasi bora hubebeshwa uzito zaidi ili wote wawe na nafasi. Kukiwa na farasi 16 kwenda juu, wanaolipwa ni wanne wa kwanza, kwa robo ya odds.

1975 Red Rum alikuwa anapendwa na kila mtu, kwa hivyo odds zake zilikuwa ndogo, 7/2. Kwenye simu yako hiyo ingeandikwa 4.50. Umeweka 100 pande mbili, jumla 200. L'Escargot anashinda, Red Rum wa pili. Upande wa ushindi umeenda. Upande wa nafasi unalipa robo ya 7/2, yaani 0.875. Unarudishiwa 187.50. Farasi wako amekuwa wa pili kwenye mbio kubwa kuliko zote za aina yake, umeshangilia, umeruka, na umepoteza shilingi 12.50.

1976 watu walianza kusema amezeeka. Odds zikapanda hadi 10/1, yaani 11.00 kwenye simu. Rag Trade akashinda, Red Rum wa pili tena. Robo ya 10 ni 2.5. Unarudishiwa 350 kwa zile 200 zako. Faida 150.

Farasi hakubadilisha kazi yake. Kilichobadilika ni odds. Kwa hivyo hesabu ya kwanza ya kuweka kichwani ni hii: wakilipa robo, odds zikiwa chini ya 4/1, kuingia nafasi peke yake ni hasara. Wakilipa moja ya tano, mpaka ni 5/1. Chini ya hapo unalipa pesa ili upate hisia ya kushinda. Mimi niliacha campo kabla ya kumaliza, lakini hii ni hesabu ya primary, na bado kuna watu wazima na degree zao hawaifanyi.

Na hata pale inapolipa, hii bima ina bei yake. Chukua 1977, Red Rum alishinda kwa 9/1. Mtu wa pande mbili alirudishiwa 1,000 kwa upande wa ushindi na 325 kwa upande wa nafasi, jumla 1,325. Aliyeweka 200 zote kwenye ushindi alirudishiwa 2,000. Hiyo tofauti ya 675 ndiyo gharama ya kulala vizuri. Si vibaya kuilipa, bora ujue umeilipa.

Sasa hizi odds zilitoka wapi? Huko Newmarket, Uingereza, miaka ya 1790, anatajwa jamaa anaitwa Harry Ogden kuwa wa kwanza kumpa kila farasi odds zake na kupokea dau kutoka kwa mtu yeyote. Kabla ya hapo matajiri walikuwa wanabishana wawili wawili, farasi wangu dhidi ya wako. Ogden alileta kitu kingine: mtu mmoja upande huu, umati upande ule. Akipanga odds zake vizuri, yeye hahitaji kujua nani atashinda. Zile odds zote ukizijumlisha kama asilimia zinapita 100, na hiyo inayozidi ndiyo chakula chake. Zaidi ya miaka 200 baadaye, kampuni iliyo kwenye simu yako inakula kutoka sahani hiyohiyo.

Huko Paris miaka ya 1860, Joseph Oller akaja na njia tofauti. Pesa zote zinaingia chungu kimoja, mwenye chungu anakata sehemu yake kwanza, na inayobaki wanagawana walioshinda. Huyu ndiye Oller aliyekuja kuwa mmoja wa waanzilishi wa Moulin Rouge mwaka 1889. Uingereza waliiga chungu chake kwa sheria ya 1928, kikaitwa Tote.

Tofauti ya Ogden na Oller ilionekana wazi Aprili 1967. Kwenye kizuizi cha 23 pale Aintree, farasi mmoja aliyekuwa amemwangusha mpandaji wake aligeuka na kukata njia mbele ya wenzake. Kukawa na rundo la farasi na watu. Farasi anaitwa Foinavon alikuwa nyuma sana, kwa hivyo mpandaji wake, John Buckingham, akapata muda wa kuona pengo na kupita. Akashinda. Waliobeti kwa odds walilipwa 100/1. Waliobeti kwa chungu cha Tote walilipwa 444/1, kwa sababu karibu hakuna mtu alikuwa ameweka pesa kwake. Leo hicho kizuizi kinaitwa Foinavon.

Hapa ndipo hatari iko, na si farasi, ni story yenyewe. Kila mtu anakumbuka Foinavon. Lakini tangu Grand National zianze miaka ya 1830, walioshinda kwa 100/1 ni watano tu: Tipperary Tim 1928, Gregalach 1929, Caughoo 1947, Foinavon 1967 na Mon Mome 2009. Wale wengine wote wa 100/1 waliokimbia miaka hiyo yote, wengi ajabu, hakuna mtu anawataja. Na 1928, ile siku ya Tipperary Tim, farasi 42 walianza na wawili tu wakamaliza. Ukidhani pande mbili inakulinda, fikiria mwenye farasi yeyote kati ya wale 40 wengine.

Basi mtu mwenye akili anachaguaje? Wachezaji wa zamani Uingereza walikuwa wanasoma idadi ya farasi kabla ya jina la farasi. Kanuni za kawaida ni hizi. Wakiwa chini ya watano, hakuna malipo ya nafasi. Watano hadi saba, nafasi mbili kwa robo. Wanane kwenda juu, nafasi tatu kwa moja ya tano. Kwenye handikapu, 12 hadi 15 ni nafasi tatu kwa robo, na 16 kwenda juu ni nne kwa robo. Kwa hivyo walipenda mbio za farasi wanane kamili, zenye mmoja mkali sana na wengi dhaifu. Yule wa pili kwa ubora huenda asishinde, lakini nafasi tatu zipo na malipo yake hayaendani na ubora wake. Kampuni zinajua huo ujanja, na anayeutumia sana anaweza kupunguziwa dau ama kufungiwa akaunti. Na farasi mmoja akijitoa asubuhi, wanane wanakuwa saba, ile nafasi ya tatu inapotea, na wewe hata hujaambiwa pole.

Kuchagua ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni dau, na hapo kuna jina moja: John Kelly, mtafiti wa Bell Labs, Marekani. Mwaka 1956 alichapisha hesabu inayoonyesha mtu mwenye habari kuliko wengine aweke sehemu gani ya pesa zake. Kwa lugha ya mtaa: chukua faida yako ya maarifa, gawanya kwa odds. Ukiwa na faida ndogo, weka kidogo. Na kama huna faida? Jibu la Kelly ni sifuri. Si “weka kidogo ya kujaribu”. Sifuri. Bill Benter, aliyeshinda pesa nyingi Hong Kong, alikuwa na kompyuta na data ya miaka. Wewe una bundle ya siku moja na jamaa wa Telegram.

Kwa hivyo kama umefika miaka 18 na bado utacheza, cheza kama mtu anayelipia burudani. Tenga pesa ambayo ikiisha leo hakuna mtu atalala njaa. Si rent, si fees, si Fuliza. Ikiwa ni 5,000, dau moja lisizidi 100, pande zote mbili zikihesabiwa pamoja. Unaona ni kidogo? Fikiria hivi: farasi anayeingia nafasi mara moja kwa kila nne anaweza kukosa mara 10 mfululizo, na uwezekano wa hivyo ni kama 1 kwa 18. Hiyo si laana, ni hesabu ya kawaida. Mwenye dau la 100 atabaki na 4,000. Mwenye dau la 500 hatabaki na kitu.

Na usiwahi kuongeza dau ili kurudisha iliyopotea. Anza na 100, ongeza mara mbili kila ukiliwa: 100, 200, 400, 800, 1,600, 3,200. Mara sita tu, 6,300 zimeenda. Sasa unatafuta 6,400 ili upate faida ya 100.

Nisikudanganye: kupanga dau vizuri hakugeuzi beti mbaya kuwa nzuri. Kunaamua tu utapoteza kiasi gani na kwa kasi gani. Lakini kwa kijana wa Nairobi, hiyo tofauti ndiyo kodi ya mwezi.

Mbio za farasi si kitu geni kwetu. Ukipita Racecourse Road, hilo jina limebaki kutoka uwanja wa zamani, na tangu 1954 mbio ziko Ngong. Nenda siku moja uone farasi kwa macho, ni raha. Ila kabla ya kutoa pesa, uliza maswali matatu: wangapi wanakimbia, wanalipa sehemu gani ya odds, na farasi wangu akiwa wa pili, nitarudi na zaidi ya nilichotoa ama nitakuwa nimeshangilia hasara?