Shokomzoba: Historia ya Chombo na Jina Lake

Mwenye kufika Kasense, katika Manispaa ya Sumbawanga, atasikia katika gereji za huko maneno mengi ambayo bado hayajaingia katika orodha zetu za istilahi. Tulisimama kwenye gereji moja ya kata hiyo tukaangalia shokomzoba mpya zikifungwa katika stesheni wagoni aina ya Subaru Legacy, yenye injini ya nguvu, ambayo mwenyewe alikuwa ameishusha kwa kuitia springi fupi. Shokomzoba hizo hazikuwa zile zilizokuja na gari. Zilinunuliwa kando, na ukali wake uliweza kuongezwa au kupunguzwa kwa mkono.

Kijana aliyekuwa akijifunza kazi alikuwa na karatasi ya maelekezo iliyofasiriwa kwa Kiswahili, na ndani yake chombo hicho kiliitwa "kifyonza mshtuko". Kwa kuwa gari lilikuwa likirusha abiria, kijana alikata shauri kwamba chombo hakina budi kufyonza zaidi, akakaza zote nne hadi mwisho. Gari lilipojaribiwa kwenye barabara ya vumbi yenye mikunjo kama ya bati, lilizidi kuruka, na katika kona likaanza kuteleza. Fundi wake, mtu mzima, alimwambia, "Mwanangu, shokapu haimezi kitu. Inaituliza springi tu. Ukiibana mno, tairi linaiacha ardhi." Maneno hayo ndiyo yaliyotusukuma kuandika makala haya, kwani ndani yake mna kosa la tafsiri ambalo lingeweza kuangusha gari.

Kwanza tutazame historia ya chombo chenyewe. Magari ya awali yalirithi springi za majani kutoka katika magari ya farasi. Majani yale yalisuguana, na msuguano huo ukapunguza mtikisiko kwa kiasi fulani. Mwendo ulipoongezeka, msuguano huo haukutosha tena: gari likishapita shimo, springi iliendelea kupanda na kushuka. Karibu na mwanzo wa karne ya 20, Mfaransa J. M. M. Truffault alibuni chombo cha mikono miwili iliyounganishwa kwa visahani vinavyosuguana, na Mmarekani Edward Hartford akakiendeleza na kukiuza. Visahani hivyo vilibanwa kwa bolti. Ukiikaza, chombo kinakuwa kigumu. Ukiilegeza, kinakuwa laini. Kwa hiyo shokomzoba ya kurekebishwa si jambo jipya hata kidogo.

Kasoro ya msuguano ni kwamba hauongezeki mwendo wa gurudumu unapoongezeka. Ndipo mafundi walipogeukia mafuta. Katika shokomzoba ya mafuta, pistoni husukuma oili ipite katika matundu membamba na vali. Pistoni ikienda polepole, oili hupita kwa urahisi. Ikienda kasi, oili hukaidi. Nguvu ya mtikisiko hugeuka kuwa joto, na joto hilo hupotelea hewani. Kampuni ya Koni ya Uholanzi, iliyoanza mwaka 1857 kwa kutengeneza vifaa vya farasi, ni miongoni mwa zilizojipatia jina kwa shokomzoba za mafuta zinazorekebishika.

Afrika ya Mashariki ilikijua chombo hiki kwa njia ngumu. Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na barabara zake zilivunja magari mengi. Mwaka 1966 na tena 1967, Bert Shankland na Chris Rothwell, washindani kutoka Tanzania, walishinda kwa Peugeot 404. Tunda la barabara zile lilikuwa ni lugha pia: gereji zilijaa maneno ya springi, bushi na shokomzoba.

Sasa turudi kwenye gari la Kasense. Springi fupi hupunguza nafasi ya gurudumu kupanda, na kwa kawaida huwa ngumu zaidi ili gari lisigonge chini. Springi ngumu hurudi kwa nguvu, kwa hiyo huhitaji kutulizwa zaidi kuliko ile ya kwanza. Lakini kuna mpaka. Shokomzoba ikizidi ukali, springi iliyobonyea hushindwa kurudi kabla ya kufika tuta linalofuata. Gurudumu hubaki juu, na kwenye mikunjo mingi gari huendelea kujikunja hadi nafasi yote ikaisha. Fundi aliyafungua yote manne, akaanzia mwanzo, akaongeza kidogo kidogo, kulia na kushoto sawasawa, akilijaribu gari kila mara. Gari likatulia.

Je, tuliite nini jambo hili? Jina la Kiingereza lina maana ya kitu kinachomeza mshtuko, na ndilo lililofasiriwa neno kwa neno. Lakini anayepokea mshtuko ni springi. Jina la Kifaransa liko karibu zaidi na ukweli, kwa maana linatokana na kitenzi cha kupunguza nguvu. Mfasiri aliyefuata jina bila kuuliza kazi ya chombo alifasiri kosa la wengine.

Maoni yetu ni haya. Kwa chombo chenyewe, tubaki na shokomzoba, neno ambalo ndimi za mafundi zimekwisha kulilainisha. Shokapu iachwe katika mazungumzo. Kwa kazi yake, tutumie kutuliza. Kwa mwendo wa kushuka, mbonyeo. Kwa mwendo wa kurudi, mrejeo. Na kwa aina hii, shokomzoba rekebishi. Kifyonza mshtuko liondolewe katika maelekezo na katika vitabu vya ufundi.

Wako watakaosema kwamba gereji si mahali pa kutafutia istilahi. Tunawakumbusha kwamba Ufipa ilikuwa nchi ya wafua chuma. Wafipa walikuwa na jina la tanuri refu la kuyeyushia mawe ya chuma, ilungu, na jina jingine la tanuri dogo la kusafishia chuma hicho, kintengwe. Hawakuchanganya majina hayo, kwa sababu aliyechanganya tanuri alipoteza chuma. Baraza letu, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, lina wajibu wa kusanifu maneno. Lakini kabla ya kusanifu hatuna budi kumwuliza mwenye spana mkononi chombo kinafanya nini.