Senti za Watoto wa Shule: Historia ya Utoto Mtakatifu na Funzo Lake kwa Utoaji Wetu

Mgeni anayefika Bagamoyo huonyeshwa misioni ya Wakatoliki: kanisa, makaburi ya wamisionari, miembe mikubwa, na kanisa dogo lenye mnara ambamo mwili wa David Livingstone ulilazwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Huambiwa pia kwamba hapo walilelewa watoto walionunuliwa kutoka soko la watumwa la Unguja. Ni wageni wachache wanaouliza fedha za kuwanunua na kuwalisha watoto hao zilitoka wapi.

Sehemu kubwa ilitoka kwa watoto wenzao. Watoto wa shule na parokia za Kikatoliki huko Ufaransa na nchi nyingine za Ulaya walitoa sarafu ndogo kila mwezi, na kila mwaka wakawa na sikukuu yao kanisani. Chama chao kiliitwa Utoto Mtakatifu. Kipo hadi leo, hata katika parokia zilizo jirani na sharika zetu.

Nawaandikia washarika wenzangu wa Kilutheri habari za chama hiki cha ndugu zetu Wakatoliki kwa sababu ndani yake mna jambo zuri ambalo sisi hatujalifanya vya kutosha, na mna onyo ambalo linatuhusu sawasawa na wao.

Chama kilivyoanza

Chanzo chake kiko katika jiji la Lyon, Ufaransa. Pauline Jaricot, binti wa mfanyabiashara wa hariri, alikuwa amewaomba wafanyakazi wa viwandani watoe sarafu moja kila wiki kwa ajili ya misioni. Aliwapanga kumi kumi, na kila mmoja wa kumi hao akatafuta wengine kumi. Mwaka 1822 mpango huo ukawa Shirika la Uenezaji wa Imani. Jaricot hakuwa na cheo katika kanisa wala hakuwa mtawa. Alichokuwa nacho ni utaratibu ambao mtu maskini aliweza kuufuata bila kuumia.

Miaka ishirini baadaye alijiwa na Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy. Askofu huyu alikuwa amelazimika kuliacha jimbo lake baada ya mapinduzi ya mwaka 1830, na alikuwa amehubiri Amerika ya Kaskazini kuanzia 1839 hadi 1841. Barua za wamisionari walioko China zilimsumbua moyoni, hasa habari za watoto wachanga waliotupwa. Baada ya kuzungumza na Jaricot aliwaendea watoto. Mwaka 1843 alianzisha Utoto Mtakatifu kwa kanuni fupi: kila mtoto asali Salamu Maria moja kwa siku pamoja na ombi fupi kwa ajili ya watoto wa mbali, na atoe senti tano za Kifaransa kwa mwezi. Watoto waliwekwa katika vikundi vya kumi na wawili, kwa heshima ya miaka ya utoto wa Yesu. Askofu alifariki mwaka uliofuata, lakini chama kiliendelea. Mwaka 1846 kilifika Aachen, Ujerumani, na aliyekianzisha huko alikuwa msichana aliyeitwa Auguste von Sartorius.

Kilienea upesi kwa sababu kilikuwa na nyumba tayari, yaani shule. Darasa likawa kikundi. Sista au bruda mwalimu akawa mtunza hazina. Sala ilisaliwa pamoja na sala nyingine za asubuhi. Na mara moja kwa mwaka shule ilikuwa na sikukuu: maandamano, Misa, baraka kwa watoto, na kusikia barua kutoka misioni. Hivyo sadaka ilikuwa sehemu ya kalenda ya imani, na mtoto aliizoea kama alivyozoea Krismasi.

Jaricot mwenyewe alikuwa na mwisho mgumu. Baadaye aliweka mali yake katika mradi wa kuwasaidia wafanyakazi, mradi ukaanguka, akabaki na madeni. Alikufa mwaka 1862 akiwa fukara. Kanisa lake lilimtangaza Mwenyeheri mwaka 2022, katika jiji lilelile la Lyon.

Senti zilizofika kwetu

Mapadre wa Roho Mtakatifu walipokea kazi ya Unguja mwaka 1863, na mwaka 1868, chini ya Padre Antoine Horner, walivuka na kuanza Bagamoyo. Wakati huo soko la watumwa la Unguja lilikuwa bado wazi. Lilifungwa kwa mkataba wa mwaka 1873. Wamisionari waliwanunua watoto sokoni, wakawapeleka misioni, wakawafundisha dini, kusoma, kilimo na ufundi. Utoto Mtakatifu ulikuwa miongoni mwa wafadhili wao wakubwa. Kimbunga kilipobomoa majengo ya misioni mwezi Aprili 1872, kazi ilianza upya kwa misaada ya namna hiyohiyo.

Watoto hao walipokua, wengi waliozeshwa wao kwa wao wakakaa katika kijiji cha Kikristo karibu na misioni. Baadhi ya familia zao zilikwenda na mapadre kuanzisha misioni mpya za bara, kama Mhonda mwaka 1877. Tunaposema injili ililetwa na wageni, tuwakumbuke pia hawa: vijana walioibwa makwao, wakauzwa, wakanunuliwa, kisha wakawa miongoni mwa nguzo za kwanza za Ukristo wa bara.

Lakini historia ya kweli ina upande wa pili. Kwanza, kumnunua mtoto sokoni ni kumlipa aliyemwiba. Hoja hii ni nzito. Mtoto aliyesimama pale sokoni hakuwa na muda wa kungoja mkataba wa wafalme. Hata hivyo, fedha iliyomtoa yeye iliingia mfukoni mwa mfanyabiashara. Pili, maisha ya misioni yalikuwa na nidhamu kali na kazi nyingi za shamba, na mtoto hakuulizwa kama anataka kukaa. Wengine walitoroka. Mtu hatoroki mahali anapojiona yuko huru.

Jina la nani?

Kuna desturi moja ya sikukuu za Utoto Mtakatifu ambayo imenifikirisha kuliko nyingine. Katika sikukuu ya mwaka, watoto walipiga kura, na walioshinda walipewa heshima ya kuwa wazazi wa ubatizo wa mtoto wa mbali na kumpa jina. Desturi hii ilidumu kwa sura nyingine katika karne ya ishirini: katika shule za Kikatoliki za Marekani darasa lilichangisha dola tano, likapewa cheti cha kumkomboa "mtoto wa kipagani", na wanafunzi wakamchagulia jina.

Naelewa kwa nini walimu waliipenda. Mtoto wa miaka minane hawezi kuipenda "misioni", lakini anaweza kumpenda mtu mwenye jina. Tatizo ni kwamba yule mtoto wa mbali tayari alikuwa na jina. Mama yake alimpa. Mtoaji alijifunza kujitoa, na hilo ni jema, lakini alijifunza pia kwamba anayepokea hana historia mpaka yeye amwandikie moja. Sikukuu ilimfurahisha mtoaji, na mpokeaji akawa pambo la sikukuu.

Wakatoliki wenyewe waliendelea kuutengeneza utaratibu wao. Mwaka 1922 Papa Pius XI aliupa Utoto Mtakatifu hadhi ya shirika la kipapa, na mwaka 1950 Papa Pius XII aliutengea siku ya kimataifa inayohusiana na sikukuu ya Epifania. Wazo linalosikika zaidi leo ni la watoto kuwasaidia watoto, pande zote mbili zikitoa na zote zikipokea. Watoto wa Tanzania wa Utoto Mtakatifu nao wanasali na wanatoa kwa ajili ya watoto wa nchi nyingine.

Mfano unaoonyesha mabadiliko hayo ni waimbaji wa nyota wa Ujerumani. Karibu na Epifania watoto huvaa kama Mamajusi, huenda nyumba kwa nyumba na nyota mkononi, huimba, hukusanya sadaka, na huandika mlangoni kwa chaki mwaka na herufi C, M na B, kifupi cha maneno ya Kilatini ya kumwomba Kristo aibariki nyumba hiyo. Tangu mwaka 1959 shirika la Aachen limeiunganisha desturi hiyo ya kale kuwa kampeni ya nchi nzima, na jumla ya makusanyo tangu hapo imepita euro bilioni 1. Kila mwaka huchaguliwa mahali na jambo la kujifunza. Mwaka 2017 ilikuwa Kenya, hasa Turkana, na watoto walijifunza habari za ukame na maisha ya wafugaji kabla ya kutoka kwenda kuimba. Hata desturi ya kumpaka mtoto mmoja rangi nyeusi ili awe "mfalme wa Afrika" imetiliwa shaka, na waandaaji wenyewe wanashauri iachwe. Wamefika hapo polepole, lakini wamefika.

Na sisi Walutheri?

Mlutheri anayesikia habari za watoto wanaoimba mlango kwa mlango asicheke. Martin Luther, aliyezaliwa mwaka 1483, alifanya hivyo alipokuwa mwanafunzi Magdeburg na baadaye Eisenach. Kama wanafunzi wengi wa wakati wake aliimba nje ya nyumba za watu ili apate mkate, na alipokuwa mtu mzima mwenye jina hakuona aibu kulisema. Baba yetu wa matengenezo alikuwa kwanza mtoto mpokeaji.

Pengine ndiyo sababu aliliona mapema jambo linaloharibu sadaka. Katika hoja zake 95 za mwaka 1517 alifundisha kwamba kumpa maskini ni bora kuliko kununua vyeti vya msamaha. Na mwaka 1523 aliandika dibaji ya kanuni za mji wa Leisnig za sanduku la pamoja la kanisa, lililowahudumia maskini, shule na watumishi. Sanduku hilo liliwekwa kufuli nne, na funguo zake zikashikwa na makundi manne ya watu wa mji: wakuu, halmashauri, wenyeji wa mji na wakulima. Hakuna aliyeweza kulifungua peke yake.

Sasa tuangalie sikukuu zetu. Siku ya mavuno tunaleta mahindi, ndizi, mayai na kuku, na baada ya ibada tunafanya mnada. Kuku mmoja hununuliwa kwa bei ya kuku watano kwa vigelegele. Siudharau mnada; umejenga makanisa, zahanati na shule ambazo Serikali isingezijenga upesi. Lakini mtoto mwenye shilingi mia yake hana nafasi kwenye mnada. Wala mjane hana. Bwana wetu alipoketi kuielekea sanduku la hazina, katika Marko 12, hakumtaja aliyetoa kingi. Sikukuu ambayo ndani yake wenye sauti ni wenye fedha tu inawafundisha watoto wetu jambo ambalo hatulihubiri.

Kutoka katika historia hii napendekeza mambo matatu kwa sharika zetu. Shule ya Jumapili iwe na sadaka yake ndogo na ya kudumu, inayoendana na sala ya kila siku, na Epifania iwe sikukuu yake. Watoto wenyewe wahesabu na waamue pamoja na walimu wao fedha iende wapi. Wanaopokea wajulikane kwa majina waliyopewa na wazazi wao, na waulizwe wanahitaji nini kabla hatujawapelekea kitu, wala picha zao zisitangazwe ili kuamsha huruma. Na taarifa ya matumizi isomwe mbele ya watoto hao, kwa lugha wanayoielewa, na zaidi ya mtu mmoja ashike ufunguo.

Parokia jirani wakiwa na siku ya Utoto Mtakatifu, wazee wa kanisa waende kuwasalimu na wawachukue watoto wetu wakaone. Wataona watoto wenzao wakitoa kidogo walicho nacho, na Mungu asiyedharau mikate mitano ya mvulana wa Yohana 6 atawafundisha wenyewe yaliyobaki.